Kulabu Tisa Juu ya Jiwe

Mimi ndiye niliyeacha kupiga upatu. Nalisema hilo mapema, kwa sababu hapa Beolmal kila mtu ana namna yake ya kuisimulia habari ile, na wengine wananipunguzia kosa kwa huruma zao. Sihitaji huruma ya mtu. Wakati ule nilikuwa na miaka sabini kasoro miwili, nyonga yangu ya kushoto imekufa, na kazi yangu kijijini ilikuwa moja tu. Wanawake wakishuka topeni kutafuta chaza, mimi nabaki juu na upatu wa shaba, na ukungu ukija nawapigia mpaka wa mwisho apande. Kazi ya kukaa! Na hiyo nayo nikaiharibu.

Mwenye habari hii ni wifi yangu, Mama Gi-man, mke wa marehemu kaka yangu. Alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na tisa kutoka huko bara kwenye mashamba ya mpunga, hajawahi kuiona bahari hata kwenye picha. Siku ya kwanza mama yangu alimshusha topeni akazama mpaka mapajani, na viatu vyote viwili vikabaki humo. Tulimcheka, mimi zaidi ya wote, nilikuwa na miaka kumi na mitatu na mdomo mrefu. Yeye hakucheka wala hakulia. Kesho yake alirudi peke yake, akachimba kwa mikono mpaka akavipata, akaja akaviosha mbele yetu polepole. Mama yangu akasema, "Huyu atatuzika sote." Na kweli alimzika yeye, akamzika na kaka yangu.

Chaza wetu hawakai kwenye tope tupu, wanataka jiwe la kushika. Kwa hiyo kila nyumba ina mstari wake wa mawe kule mbali, mwendo wa nusu saa kwa miguu yenye afya. Mawe ya nyumba yetu ni kaka yangu aliyeyabeba mgongoni kutoka mlimani, misimu mitatu ya baridi, mpaka mgongo wake ukakataa kunyooka tena. Wifi ndiye aliyeyapanga. Na mawe ya topeni hayapangwi mara moja ukaenda zako. Yanazama, kila mwaka lazima uyang'oe kwa mtaimbo na kuyageuza, la sivyo chaza wanakufa kwa kukosa hewa. Kaka yangu alikufa, yeye akaendelea kuyageuza peke yake, miaka kumi na miwili.

Sheria ya kijiji inasema mstari ni wa nyumba muda wote ambao mtu wa nyumba hiyo anashuka kuufanyia kazi. Msimu mzima ukipita bila mguu wa mtu wenu, mawe yanarudi kwa kijiji. Gi-man, mwanawe pekee, anaendesha teksi huko Incheon na hatarudi, hilo kila mtu analijua. Kila mwaka anampigia mama yake simu kwenye duka la kijiji: chumba kipo, njoo upumzike. Na kila msimu wa baridi wifi anasema huu ndio wa mwisho. Halafu msimu ukifunguliwa namwona anafunga kitambaa kichwani.

"Unayaonea nini uchungu? Ni mawe," niliwahi kumwambia.

"Ni mgongo wa mtu, wifi," akanijibu. "Niwaachie watu mgongo wa mume wangu waukalie?"



Siku yenyewe ilikuwa bamvua ya mwisho ya msimu, maji yanapokupwa mbali kuliko siku zote, mwezi wa pili kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Maji bado yalikuwa ya kuuma mifupa, lakini upepo wa asubuhi ile ulikuwa na joto, na upepo wa joto juu ya maji baridi sisi tunajua unazaa nini. Nilikwenda kwake kabla hajatoka. Nilimkuta ameketi kizingitini anahangaika na gambuti, miguu haiingii. Ilikuwa imevimba na kung'aa.

"Leo usishuke," nikamwambia. "Ukungu unakuja."

"Ukija si utanipigia upatu? Au umeacha kazi?"

"Itazame hiyo miguu, Mama Gi-man. Huo ni mguu au ni figili?"

"Umeanza lini kukagua miguu ya watu?"

"Mwenyekiti atakupa ruhusa. Siku moja tu!"

"Leo ndiyo siku ya mwisho. Sijageuza mawe ishirini yaliyobaki. Yakilala hivyo kiangazi chote hakuna kitu humo." Akaivuta gambuti kwa nguvu, ikaingia, akafumba macho kidogo. Halafu akasema, bila hata kunitazama, "Wewe ulipata nyonga mbovu, ukapata pa kujifichia. Mimi sijabahatika."

Jamani, maneno yale yaliniingia. Miaka minne nimekaa na ile nyonga, kila usiku inanitafuna, halafu mtu anaiita bahati! Nikachemka, nikamwambia neno ambalo hajalisikia mtu mwingine isipokuwa yeye na mimi. Nikamwambia, "Basi nenda ukafie huko huko."

Alichukua kikapu chake na kulabu yake, akapita mbele yangu kama anapita mti.

Walishuka tisa. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za watu wa Seoul, kwa hiyo mtu akishashuka ameshashuka, hakuna cha kumuuliza uko wapi. Mimi nilikaa kwenye gogo langu juu ya ufuo, nyuma yangu lile jiwe kubwa la kunawia, na nyuma zaidi kibanda chenye moto na birika la chai ya shayiri. Desturi yetu ni kwamba anayepanda anaweka kulabu yake juu ya jiwe. Kulabu ni kipande cha mti chenye mdomo wa chuma wa kubandulia gamba, na ncha ndogo nyuma ya kutolea nyama. Kila mwanamke anayo moja, na mpiga upatu ndiye anayeziosha zote kwa maji baridi chumvi isizile. Ndivyo tunavyohesabu. Wanawake wakipanda wote ni tope mpaka kiunoni, nyuso zimefungwa vitambaa, huwezi kujua huyu nani na yule nani. Kulabu zikitimia, watu wametimia. Mama yangu alihesabu hivyo, na mama yake pia.

Ukungu uliingia mchana, maji yakiwa yamekwisha kugeuka. Haukuja kidogo kidogo. Niliwaona wanawake kule mbali wameinama, nikainama mimi kuokota kigongo changu cha upatu, nilipoinua kichwa hapakuwa na wanawake wala bahari. Nikaanza. Mapigo matatu, kimya, mapigo matatu, kimya, ili masikio yao yapate kushika upande. Kati ya mawe na ufuo kuna mkondo ambao tunauita Mama Mkwe, kwa sababu unakujia kwa nyuma bila hodi. Ukishajaa huo, aliye nje yuko nje.

Mwenyekiti, Mama Tae-sik, alipanda wa kwanza kama kawaida, mdomo ukiwa umemtangulia.

"Piga kwa nguvu wee! Unabembeleza mtoto?"

"Nipe mkono wako nikuonyeshe nguvu!"

"Nikupe mkono, wewe unipe huo mguu mbovu? Sibadilishani," akasema, akacheka, akaweka kulabu yake juu ya jiwe, kang'! Akaenda zake kwenye moto.

Mimi nilikuwa nimeielekea bahari, jiwe liko mgongoni. Nilihesabu kwa sikio. Kang', mbili. Kang', tatu. Kila mmoja alinipita akihema, mwingine akisema pole, mwingine hasemi. Nne, tano, sita. Mikono yangu ilianza kuuma. Upatu ule ni wa shaba nzito, nimeushika kwa mkono huu, nimeupiga kwa mkono huu, saa nzima na ushei. Mabega yanawaka, nyonga inawaka, na moyoni bado nasikia lile neno lake la bahati. Saba. Halafu mtu akanipita bila kusema kitu, na nyuma yangu zikalia mbili kwa mfululizo, kang' kang', nane na tisa.

Nikasema moyoni, huyo wa mwisho ndiye wifi. Amenuna.

Niligeuka, nikazihesabu kwa macho pia, msinione mzembe kabisa. Tisa. Zipo juu ya jiwe, zimelala zinachuruzika tope. Watu kibandani sikuwatazama. Ningeweza kugeuza shingo tu, mlango ulikuwa wazi. Lakini sikutaka kuuona uso wake, sikutaka anione namtafuta. Niliulaza upatu chini, nikakaa, na loo, nilisikia raha mikononi mpaka machozi yakanitoka.

Nilikaa muda wa kuiva chungu cha wali. Kisha nikajikokota kwenda kuosha kulabu.

Ya tano kuishika ilikuwa imepasuka mpini mpaka katikati, imefungwa kwa kamba ya wavu. Hiyo ya mke wa Jong-pil, ndiye kijana wetu topeni, ana miaka hamsini na minane. Ya sita ilikuwa ya wifi. Ile huwezi kuikosea hata gizani, mpini wake umeliwa na kidole gumba mpaka ukaingia ndani, na ana kitambaa cha bluu amekizungushia. Niliisugua vizuri kuliko nyingine. Hasira zangu hazikai sana, ndivyo nilivyo. Nikageukia kibandani nikapaza sauti, "Na huyo Mama Gi-man, kununa gani huko, hata chai hanitilii?"

Halafu mke wa Jong-pil akatokeza mlangoni na bakuli lake mkononi.

"Kwani hajapanda?" akasema. "Kulabu yangu ilipasuka, akaniazima yake. Alisema yeye amemaliza kubandua, anageuza mawe mawili tu halafu anifuate."

"Wewe umeweka kulabu ngapi hapa?"

"Zote mbili." Akanitazama. "Si zote zinaoshwa?"

Bakuli lilimwanguka kabla mimi sijafungua mdomo.

Sijui nilifikaje kwenye ule upatu. Nyonga haikuuma, sikuwa na nyonga. Nilipiga bila mapigo matatu wala kimya, nilipiga ovyo, mpaka Mama Tae-sik akanishika mkono: "Piga kwa mpango! Unamchanganya!" Yeye mwenyewe alishachukua kamba, akashuka na wanawake wawili mpaka ukingoni mwa Mama Mkwe. Nikasikia anapiga kelele kutoka huko chini kwamba maji yamefika kiunoni na yanapanda. Nikapiga tatu, nikanyamaza. Tatu, nikanyamaza. Katika kila kimya wote tuliita kwa pamoja, "Mama Gi-maaan! Mama Gi-maaan!"

Tulisikia maji tu yakijaa.

Nikaita, "Wifiii!" Hakuna kitu. Na lile neno langu la asubuhi likawa linanirudia sikioni kwa sauti yangu mwenyewe, nenda ukafie huko huko, nenda ukafie huko huko.

Sasa, hapa kwetu mke wa kaka yako mkubwa huna ruhusa ya kumtaja jina. Hata mama yangu, ambaye alimtukana kwa kila namna, hakuwahi kulitaja. Siku aliyovuka kizingiti chetu jina lile lilibaki nje, akawa mke wa fulani, akawa mama wa fulani. Mimi nililijua kwa sababu niliwahi kuiona karatasi ya ndoa. Mtu mdogo kumwita mkubwa wake jina kavu, mbele za watu, ni sawa na kumtemea mate. Lakini nilikuwa nimeishiwa majina mengine.

"Bok-dan!" nikapiga ukelele. "Wee Yun Bok-dan! Bok-dan, inuka! Bok-dan, njoo hapa!"

Mama Tae-sik alinigeukia kule chini na nikajua uso wake ulivyokuwa ingawa sikuuona. Sikujali, nikaita tena, nikaita mpaka sauti ikakatika, Bok-dan, Bok-dan, kama mtu anavyomwita mtoto mtukutu aje kuoga.

Kutoka ndani ya ukungu, mbali, sauti ikasema, "Nani huyo?"

Kisha karibu zaidi, na yenye hasira: "Ni mbwa gani asiye na adabu anayeniita hivyo?"

"Ni mimi!" nikalia. "Ni mimi mbwa! Njoo unipige!"

Alivuka kwa kamba, maji yamefika kifuani, mtaimbo ameutupa lakini kikapu bado kiko mgongoni. Wanawake walimkokota mpaka juu. Alikuja moja kwa moja kwangu, midomo ya bluu, akainua mkono kunizaba. Mkono haukufika. Ulianguka begani mwangu ukakaa pale, na uzito wake wote ukaja nyuma yake.

Tulimlaza kwake kwenye sakafu inayopashwa moto kutoka chini, na blanketi nne. Mama Tae-sik alipika uji wa chaza kutoka kikapu kile kile, akamnywesha, akanitazama mimi kwa jicho baya, akaondoka. Tukabaki wawili.

"Upatu ulinyamaza," wifi akasema. Macho yake yalikuwa kwenye dari.

"Ulinyamaza."

"Nilikuwa kwenye mawe. Nikajua mmeshanihesabu. Nikasema, haya, kumbe nimeshafika." Akalivuta blanketi mpaka kidevuni. "Nikakaa juu ya jiwe. Wifi, nilisikia raha. Miaka hamsini na mitano daima kuna anayeniita. Mama yako, kaka yako, mtoto, maji, upatu. Leo ndiyo mara ya kwanza hakuna mtu anayenitaka."

"Nilipoanza tena hukusikia?"

"Nilisikia."

"Na tulipoita Mama Gi-man?"

"Nilisikia. Nikasema, mwacheni huyo, amechoka." Akageuza kichwa, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Halafu nikasikia mtoto wa watu ananiita Bok-dan! Nikapandwa na damu. Nikasema naenda kumzaba kofi, halafu narudi kukaa."

"Halafu?"

"Halafu maji yakawa mengi, nikaona nitachoka kurudi."

Nilicheka, na katikati ya kucheka nikalia, nikamweleza yote. Nilimwambia nilihesabu vyuma, sikuhesabu watu. Kwamba mlango ulikuwa wazi na sikugeuza shingo, kwa sababu sikutaka kuuona uso wake. Kwamba mikono ilikuwa inauma nikataka tu iishe.

"Nilichoka, wifi," nikasema.

"Na mimi," akasema. Akafumba macho, akalala.

Miguu yake haikuingia tena kwenye gambuti. Kiangazi kikapita, upepo wa kaskazini ukaanza, na kwenye mkutano wa kufungua msimu Mama Tae-sik akasoma orodha ya mistari. Alipofika kwenye wetu alishusha sauti, mwenyewe hakutaka. Gi-man hayupo, mama hawezi, kwa hiyo, akasema, itabidi mawe yarudi kwa kijiji. Nikasimama.

"Mimi nimezaliwa katika nyumba ile," nikasema.

"Uliolewa ukatoka, Mama Sang-ok. Si mtu wao tena."

"Mume amekufa, nikarudi, naishi ukuta kwa ukuta. Kaka yangu alipokuwa anabeba yale mawe, nani alikuwa anampelekea chakula mlimani? Wewe?"

"Una nyonga moja wewe!"

"Sheria inasema mguu wa mtu wa nyumba. Haikusema miguu mingapi."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mke wa Jong-pil, ambaye tangu siku ile alikuwa haniangalii usoni, ndiye aliyeinua mkono kwanza. Kisha wengine.

Nilishuka siku ya kwanza ya bamvua nikiwa na fimbo na kulabu yenye kitambaa cha bluu. Mwendo wa nusu saa niliukata kwa saa nzima na robo. Nilibandua chaza wa bakuli moja na kugeuza mawe manne, basi, zaidi ya hapo nyonga ilinikatalia. Jua lilikuwa linawaka, ungeweza kuhesabu misonobari ya ng'ambo ya ghuba. Na bado upatu ulikuwa unalia ufuoni, tatu na kimya, tatu na kimya, tangu tulipoanza kurudi.

"Hakuna ukungu, bibi wee!" Mama Tae-sik akapiga kelele. "Tunakuona! Unatutoboa masikio!"

Wifi hakuacha. Alikuwa amekaa kwenye gogo langu amezungushiwa blanketi, lakini amelikalia upande, bahari kushoto na jiwe kulia. Wanane walikwisha kupanda, kulabu nane zipo pale. Alipiga wakati navuka Mama Mkwe, akapiga nilipokuwa napumzika kwenye changarawe, na nilipokaribia akaniita jina langu kavu mbele za watu wote, "Jeom-rye! Wee Jeom-rye! Tembea!" Wanawake wakavunjika mbavu.

Nilifika, nikasimama mbele yake nikihema, tope mpaka kiunoni, uso umefungwa kitambaa. Nikamnyooshea kulabu. Aliendelea kupiga mpaka nilipokishusha kitambaa. Akautazama uso wangu kwanza, ndipo akaipokea.